Habari ya Hewa ni Mali ya Nani?

Mtu akiona moto umeshika paa la jirani yake, naye akanyamaza, hatuhitaji mwanafalsafa wa kutuambia kwamba amekosa. Lakini tuseme jirani huyo hana maji, hana ngazi, wala hana pa kuhamia. Je, ni wajibu kumwambia hata hivyo? Na ikiwa kinachomdhuru si moto bali hewa anayoivuta, hewa ambayo haimwonyeshi dalili yoyote, ni nani mwenye wajibu wa kusema? Hilo ndilo swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya mafupi, nasi tutaanzia mahali ambapo wengi wetu tumepata kupita: Busia na Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya.

Busia ni jina moja la miji miwili, mmoja wa Kenya na mwingine wa Uganda. Wilaya ya Busia iliyo Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997. Kaskazini yake uko mlango wa pili wa mpaka, yaani Malaba, na mbele ya Malaba ndipo ulipo mji wa Tororo, mji wa mwamba mkubwa na wa saruji, ambayo imetengenezwa huko tangu miaka ya 1950. Malori mengi yatokayo Mombasa kwenda Uganda na nchi zilizo mbele yake hupita katika milango hiyo miwili. Mwezi wa Januari 2022, madereva walipotakiwa kupimwa ugonjwa wa korona, foleni ya malori upande wa Kenya ilifika makumi ya kilometa. Lori lililo katika foleni huwashwa, husogea kidogo, kisha husimama tena. Na moshi wake huvutwa na mama auzaye ndizi kando ya barabara, na mwendesha bodaboda, na mtoto aendaye shule. Tukiongeza vumbi, taka zichomwazo na makaa ya jikoni, tutaona kwamba mzigo wa hewa ile si mdogo. Nao upepo huvuka mpaka bila ya kugongewa muhuri.

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo yategemea jicho, ilhali sehemu mbaya zaidi ya uchafu wa hewa haionekani kwa jicho. Chembe zinazoogopwa sana na waganga ni zile ambazo upana wake hauzidi mikrometa 2.5, kadiri ya sehemu moja ya thelathini ya upana wa unywele. Hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizo kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila meta moja ya ujazo wa hewa. Hakuna jicho liwezalo kuitambua tofauti hiyo. Kwa hiyo, katika jambo hili, hata mwenye macho hana budi kuambiwa.

Ni nani basi amwambie? Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani mjini Beijing uliweka kipima hewa, na vipimo vyake vikawa vikitangazwa kila saa katika mtandao wa Twitter. Mwaka 2012 serikali ya China ilizitaka balozi ziache kutangaza. Mwaka 2013 yenyewe ilianza kuwatangazia raia wake vipimo vya miji 74. Baadaye balozi nyingi za Marekani, pamoja na ule wa Kampala, zilifanya vivyo hivyo. Lakini mwezi wa Machi 2025 Marekani iliacha kuvitangaza vipimo vya balozi zake. Hapo tunajifunza kwamba habari ya kuazimwa huweza kurudishwa kwa mwenyewe wakati wowote. Kwa bahati njema, Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mradi wake wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kimeunda vipima hewa vya bei nafuu, vingine vikifungwa juu ya bodaboda, ili mwenye simu aweze kusoma hewa ya mjini mwake saa ile ile.

Hata hivyo, tunaulizwa: yule mama wa ndizi akiambiwa kwamba hewa ya leo ni mbaya, afanye nini? Hawezi kuiacha barabara, kwani ndiyo inayomlisha. Kumtia mtu hofu bila ya kumpa dawa si ukatili? Swali hili ni zito, na hatupendi kulipuuza.

Jibu letu tulipata London. Mwaka 2013 alifariki huko mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa na pumu na aliyekaa karibu na barabara yenye magari mengi. Desemba 2020 mchunguzi rasmi wa vifo aliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake. Akaongeza kwamba mama yake hakupewa habari za hatari ile, na lau angalipewa, angalichukua hatua ambazo huenda zingalimwokoa mtoto. Waliokaa kimya hawakumpunguzia mama huyo hofu. Walimnyima nafasi ya kuchagua. Mama wa Busia naye anaweza kumketisha mwanawe mbali na foleni, na mwalimu anaweza kuahirisha mbio za asubuhi. Zaidi ya hayo, asiyejua hudhani kikohozi ni majaliwa yake. Ajuaye huweza kuuliza kwa nini malori hayazimwi. Habari haimwondolei mtu moshi, lakini humpa swali la kuwauliza wanaoweza kuuondoa.

Lakini msemaji naye ana sharti lake. Kipimo cha alfajiri si cha adhuhuri, wala cha Malaba si cha Busia. Anayepeleka habari katika simu za wenzake bila ya kutaja saa na mahali, au anayepeleka picha ya vumbi akaiita kipimo, hatoi habari bali uvumi. Habari ya hewa ni amana ya wote waivutao hewa hiyo, na amana haipunguzwi wala haiongezwi.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna fungu letu pia. Mtu akiandika, "Hali ya hewa leo ni mbaya," msomaji atatafuta mwavuli. Na akiandika kwamba hali ya hewa imechafuka, huenda msomaji akadhani kuna ugomvi. Sokoni Busia, Msamia na Mteso huelewana mara nyingi kwa Kiswahili, lugha ambayo Uganda iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Tukiwazoeza wanafunzi wetu kusema "usafi wa hewa", na kuutenga na "hali ya hewa", yule mama atakapoletewa habari ataielewa. Habari isiyoeleweka na mwenyewe bado haijamfikia.