Nani Alikuwa Anasikiliza?

Maandiko: Luka 12:1–3, Mithali 28:13



Katika Luka 12 Yesu anawaonya wanafunzi wake kuhusu unafiki. Anawaambia kwamba neno ulilonong'ona chumbani, mlango ukiwa umefungwa, litakuja kutangazwa juu ya paa. Wapendwa, kuna mji ambapo jambo hilo lilitokea, tena kwa waya za simu.

Mwaka jana nilialikwa kuhudumu Seattle, mji wa bandari kaskazini magharibi mwa Marekani. Siku moja wenyeji wangu walinipeleka kwenye matembezi ya miguu ambapo mtu anawaongoza wageni na kuwasimulia uhalifu wa zamani za marufuku ya pombe. Tulianzia Pioneer Square, mtaa wa kale karibu na maji. Huko, chini ya njia unayokanyaga, kuna njia nyingine. Baada ya moto mkubwa wa 1889 barabara ziliinuliwa, na milango ya maduka ya kwanza ikabaki chini. Nikasema moyoni, huu mji uko kama Wakristo wengine: juu kunang'aa, chini kuna mambo.

Jimbo hilo lilipiga marufuku pombe kuanzia Januari 1916, na nchi nzima ikafuata 1920. Lakini Kanada iko karibu kwa mashua, na kiu haikuisha kwa sababu ya sheria. Hapo ndipo kiongozi wetu akatusimulia habari za Roy Olmstead.

1. Dhambi yenye sifa nzuri

Olmstead alikuwa luteni wa polisi, kijana mwenye bidii. Machi 1920 makachero walimnasa usiku akishusha wiski ufuoni, kaskazini mwa mji. Akafukuzwa kazi, akatozwa faini ya dola 500. Badala ya kuacha, akaifanya kazi yake ya mchana na usiku. Alikuwa na meli, mashua, ofisi mjini yenye simu tatu, na watu wasiopungua hamsini. Kwa mwaka biashara hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni mbili.

Na watu walimpenda! Wiski yake hakuichanganya na sumu. Watu wake aliwakataza kubeba bunduki. Alisema heri apoteze mzigo kuliko mtu apoteze maisha. Wakamwita mlanguzi mwema.

Mpendwa, hilo jina litazame vizuri. Shetani hana shida ukiwa mwema, mradi ubaki mlanguzi. Ndiyo maana tunasikia, "Mimi nachukua kidogo tu, tena fungu la kumi natoa." "Tunaishi pamoja bila ndoa, lakini tunaheshimiana." Sifa nzuri ikiwekwa juu ya dhambi haiisafishi. Inaifanya tu ikae muda mrefu bila kuguswa.

2. Kugombana na masikio

Maafisa wa serikali kuu waliunganisha waya kwenye laini za simu, chini ya jengo la ofisi na barabarani karibu na nyumba zao. Karibu miezi mitano walisikiliza na kuandika: oda, bei, na mipango ya kuwalainisha polisi. Maandishi yalifika kurasa 775 za taipu. Novemba 1924 wakavamia nyumba yake. Mwaka 1926 akahukumiwa miaka minne jela na faini ya dola 8,000.

Akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya nchi. Kanisa, sikilizeni hoja yenyewe. Hoja haikuwa kwamba hakuuza pombe. Hoja ilikuwa kwamba hawakuwa na haki ya kumsikiliza, maana hata sheria ya jimbo hilo ilikataza kunasa simu. Juni 1928 majaji watano wakasema ushahidi unafaa, wanne wakakataa. Mmoja wa hao wanne, Louis Brandeis, aliandika kwamba serikali inayovunja sheria inafundisha watu kuvunja sheria. Hilo nalikubali, hata mimi sitaki mtu asikilize simu yangu. Mwaka 1967 mahakama hiyohiyo iliugeuza msimamo wake.

Hiyo ni mahakama ya wanadamu, na ni vizuri iwe na mipaka. Lakini sisi tunaichukua hoja hiyo na kuipeleka nyumbani. Mke ameona ujumbe kwenye simu ya mumewe. Jibu la kwanza ni lipi? "Kwa nini umeshika simu yangu?" Mweka hazina wa chama anaulizwa pesa zilienda wapi. Anajibu, "Nani amekuonyesha hivyo vitabu?" Kijana anaulizwa alilala wapi, anataka kujua aliyemchongea. Tunagombana na masikio ili mdomo usihojiwe.

Hata Adamu alifanya hivyo. Alipoulizwa kuhusu tunda, alitoa habari za mwanamke. Mbele za Mungu hakuna rufaa ya namna hiyo. Hakuhitaji waya kukusikia, na hakuvunja sheria yoyote kukujua.

3. Mlango ulio wazi

Mithali 28:13 inatupa njia mbili: anayeficha hatafanikiwa, na anayeungama na kuacha atapata rehema. Angalieni hilo neno *kuacha*. Olmstead alikamatwa 1920, lakini hakuacha. Kukamatwa si kutubu.

Alitumikia kifungo katika kisiwa cha McNeil, akatoka 1931. Mle gerezani aligeukia dini ya Christian Science. Mafundisho yao si yetu, na siwatumi huko. Lakini pombe aliiachia kule nyuma. Siku ya Krismasi 1935 Rais Franklin Roosevelt alimpa msamaha kamili, na miaka iliyobaki mpaka kifo chake 1966 alitumia muda mwingi kuwatembelea wafungwa.

Ikiwa rais wa dunia hii aliweza kuifuta hukumu ya mlanguzi, je, damu ya Yesu itashindwa na faili yako? Hata kama ni kurasa 775! Yeye amezisoma zote, na bado anakuita kwa jina.

Wiki hii kuna mtu mmoja unayepaswa kuzungumza naye kabla hajaambiwa na mwingine. Unamjua. Usimuulize alisikia kwa nani. Mwambie ukweli.

Tuombe: Baba, umeyasikia niliyonong'ona. Sitaki kutetea tena. Nataka kuungama na kuacha. Nipe ujasiri wa kusema kweli kwa yule niliyemkosea, na unihurumie, katika jina la Yesu. Amina.