Mgeni na Jembe: Umiliki katika Muziki wa Fanki

Mwalimu Julius Nyerere aliliachia taifa swali ambalo wanamuziki walilijibu vizuri kuliko watawala. Katika hotuba yake bungeni ya tarehe 10 Desemba 1962 alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba na twist ilhali hawakuijua gombe sugu wala kiduo, lakini papo hapo akaonya kuwa taifa linalokataa kujifunza kwa wengine limepotoka. Je, kilichotoka ugenini huwa cha wenyeji lini?

Mwezi Novemba 1969, uongozi wa mkoa ulipopiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, ulichukulia kwamba kitu hubaki cha huko kilikotoka. Wanamuziki waliona vingine. Fanki, yaani mtindo wa Wamarekani Weusi uliokuzwa na James Brown katika miaka ya 1960, ambamo besi, ngoma na gitaa hujibizana huku pigo la kwanza likitiliwa mkazo, iliingia katika kazi za bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyotoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Naye Patrick Balisidya wa bendi ya Afro 70, Mgogo wa Dodoma, alirekodi Sweden mwaka 1979 pamoja na bendi ya huko, Archimedes.

Jibu lao linaafikiana na Ujamaa wenyewe, kwani katika maandishi yake ya mwaka 1962 Nyerere aliutegemea usemi kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe: kazi ndiyo inayomwingiza mtu katika jamaa, si kitovu chake kilipozikwa. Mdundo uliobebeshwa mashairi ya Kiswahili na kulazimika kusikilizana na gitaa la dansi umeshalima, kwa hiyo ni wa nyumbani, na marufuku ile ilikosea hata kwa kipimo cha siasa iliyodai kuilinda.

Lakini aliyelima hana budi kula. Mtayarishaji, yaani msimamizi wa kurekodi, naye ni mshiriki wa shamba hilohilo, hana haki ya mavuno yote. Ave Africa ilitolewa upya mwaka 2016, na kanda nyingine za zama hizo zinaendelea kutafutwa. Kila anayezimiliki, iwe redio au kampuni, awataje wapigaji wote kwa majina na kuwalipa wao au warithi wao kabla ya kuuza nakala ya kwanza.