Rafiki Aliyekuja Mikono Mitupu

Siku hizi habari ya ugonjwa au msiba hutufikia kwa simu, na mara nyingi majibu yetu nayo hurudi kwa simu. Rafiki aliyelazwa Kasulu hupata ujumbe wa pole kutoka Kibondo kabla jua halijatua, na fedha kidogo za dawa hufuata. Hatulidharau jambo hilo. Yakobo katika waraka wake anatuonya juu ya mtu anayemwaga ndugu mwenye njaa kwa maneno mema bila kumpa kitu. Aliyetuma fedha ametenda. Swali letu ni hili: akishatuma, je, amemaliza?

Wengi wetu tungependa jibu liwe ndiyo. Safari ina nauli yake, na anayeacha shamba siku tatu wakati wa kupanda maharage atazilipia siku hizo wakati wa mavuno. Tena yupo anayeuliza: nikienda nitafanya nini? Mimi si daktari. Heri nauli hiyo inunue dawa. Hoja hii ina nguvu, wala haitoki daima katika moyo mgumu.

Tuwatazame basi rafiki watatu wa Ayubu. Tumezoea kuwalaumu kwa hotuba zao ndefu, tukasahau siku saba zilizotangulia. Elifazi, Bildadi na Sofari walitoka kila mmoja kwao, wakaketi chini pamoja naye mchana na usiku, kimya. Hawakuleta dawa, majipu ya Ayubu yalibaki vilevile. Lakini baada ya siku hizo saba ndipo Ayubu alipofungua kinywa na kuulilia uchungu wake. Alikuwa na watu wa kulia mbele yao. Mateso ya aliye peke yake yana hasara hiyo ya pili: hana hata wa kumlalamikia.

Jambo hili tunaliona wodini. Kwa simu mgonjwa husema anaendelea vizuri, asije akamtia wasiwasi aliye mbali. Aliyeketi kando ya kitanda huona uji uliopoa bila kunywewa, hufua shuka, na usiku wa manane husikia hofu ambayo mchana haikutajwa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mengi ambayo rafiki anayahitaji hayajulikani mpaka mtu afike.

Hata hivyo wilaya zetu zinajua ugumu mwingine. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwa makao ya ndugu kutoka Kongo tangu 1996. Nduta, wilayani Kibondo, ilipokea Warundi wengi waliokimbia machafuko ya 2015. Anayeishi kambini hatoki bila kibali. Wengine wamehamishiwa Marekani, na rafiki waliyekua naye akifariki huku, hawawezi kuja kumzika. Je, tuseme hao si marafiki tena?

Hasha. Mjane wa Injili aliweka senti mbili, na Bwana akazihesabu kwa kutazama alichokuwa nacho. Vivyo hivyo aliyezuiliwa na mpaka, akapiga simu usiku na kusikiliza kilio bila haraka, amefika mpaka pale alipoweza kufika. Ila udhuru huo ni wake yeye aliyezuiliwa. Sisi ambao basi hupita barabarani kwetu kila asubuhi hatuna ruhusa ya kujificha nyuma yake.

Imani yetu yenyewe imesimama juu ya jambo hili. Mungu, ambaye angeweza kutuma ujumbe tu, na kwa manabii aliutuma mara nyingi, mwishowe alikuja mwenyewe akakaa kwetu. Naye Bwana alipohuzunika pale Gethsemane, aliwaomba Petro, Yakobo na Yohana jambo moja dogo: wakae hapo, wakeshe pamoja naye. Hakuna walichoweza kubadilisha usiku ule, na bado aliwahitaji. Walipolala, aliumia. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona aibu kutaka watu karibu naye, rafiki yetu aliyelazwa naye anataka, hata kama anatuambia tusisumbuke.

Fedha basi tutume, maana dawa hununuliwa. Kisha tuulize basi la kesho linaondoka saa ngapi.