Pambo Lisemalo Uongo

Je, pambo laweza kusema uongo? Swali hili si la darasani tu. Atokaye Uyole, Mbeya, kwenda Tukuyu wakati wa masika, au ashukaye mlima Kitonga mkoani Iringa, uhai wake watundikwa katika jibu lake.

Tazameni tairi jipya la motokaa. Usoni pake pana mistari na vipande vilivyopangwa vizuri, pengine kama msuko wa mkeka. Watu wa magari huviita kashata. Huko Marekani sheria ya mwaka 1842 ilianza kuwalinda wabunifu wa maumbo ya vitu, na hata leo mchoro wa tairi waweza kuandikishwa huko kama pambo. Lakini pambo hili lina kazi. Mifereji yake hupokea maji ya mvua na kuyatoa pembeni, mpira upate kuishika barabara. Mifereji ikiisha, maji hukosa njia. Gari likienda mbio, gurudumu huelea, na usukani na breki havimtii dereva tena. Ndiyo sababu nchi za Ulaya hukataza motokaa ndogo kutumia tairi ambalo mifereji yake haifiki kina cha milimita 1.6. Basi uzuri wa tairi ni ahadi. Mchoro wamwambia atazamaye: hapa pana mpira wa kutosha.

Sasa yuko fundi achukuaye tairi kipara, akalichonga kwa kisu mpaka likafanana na jipya. Yako matairi ya malori yaliyowekewa mpira wa akiba chini ya mifereji, nayo yameandikwa hivyo ubavuni. Kuyachonga hayo kwa kipimo si kosa. Bali tairi la gari dogo halina akiba hiyo. Kisu huzikaribia nyuzi zilizo ndani, na nguvu kidogo iliyosalia hukatwa ili ipatikane sura. Wahenga walinena: Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Mtu atajibu, "Tairi ni ghali, nami nina watoto wa kulisha." Tusilidharau jibu hili. Umaskini hupunguza lawama, na tajiri wa gari amshurutishaye dereva wake ana lawama kubwa kuliko dereva. Hata hivyo, mtu aweza kuhatarisha mali yake mwenyewe; hana haki ya kuhatarisha maisha ya mwenzake bila kumwuliza. Mama apandaye gari pale Mwanjelwa, mtoto mgongoni, hutupia jicho gurudumu, akaona kashata, akaridhika. Ridhaa hiyo imeibwa. Tairi kipara lililo wazi lingemwonya. Hili lililochongwa limemnyang'anya hata onyo. Wala fundi asiseme, "Mimi nilitumwa tu." Kisu ki mkononi mwake, naye ajua akatacho.

Kuchakaa si aibu. Tairi lililochoka, likikatwa kuwa katambuga, humtumikia mkulima shambani miaka mingi wala halimdanganyi mtu. Aibu ni kuvaa sura ya nguvu usiyo nayo, hali wengine wanakutegemea.

Basi, enyi wenye magari, inameni mkayatazame magurudumu yenu kabla ya safari. Nanyi abiria, ulizeni bila haya. Afadhali kuchelewa Iringa kuliko kutofika.