Aliyeacha Kusikika

Somo letu juma hili ni 1 Wafalme sura ya 19, habari ya nabii Elia chini ya mretemu. Naomba tulifikie kwa kupitia gereji.

Magari mengi ya dizeli ya kizazi kipya yana kifaa ambacho magari ya zamani hayakuwa nacho: kidhibiti cha kusafisha moshi. Kazi yake ni kupima mchanganyiko wa urea na maji, urea ikiwa asilimia 32.5, unaonyunyizwa ndani ya eksozi ili oksidi za nitrojeni, gesi zinazoumiza mapafu, zigeuke kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke. Kifaa hicho hakifanyi kazi peke yake. Kinazungumza na kompyuta ya injini, ya breki na ya dashibodi kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mtindo ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha mwaka 1986. Kila mmoja anatoa habari zake mbele ya wote, na wote wanasikiliza. Muda ukipita bila mmoja kusikika, wenzake wanaandika msimbo wa hitilafu. Fundi akichomeka mashine ya kupimia anasoma U010E: mawasiliano na kidhibiti cha urea yamepotea. Taa ya injini inawaka, na magari mengine hujipunguzia nguvu. Hebu fikirini hali hiyo ikilipata gari lililobeba mgonjwa linapopanda kwenda hospitali ya Ndolage.

Sasa tazameni nani ameandika msimbo huo. Aliyenyamaza hakuandika neno. Walioandika ni wenzake, na ushuhuda wao ni huu tu: hatumsikii. Kama amekufa, kama ana njaa ya umeme, au kama waya umekatikia njiani, hawajui.

Fundi mwenye haraka anaagiza kifaa kipya kutoka Dar es Salaam. Mwenye gari anauza kahawa ikiwa bado mtini ili alipe, kifaa kinafungwa, na taa inabaki palepale. Fundi anayeijua kazi yake anaanza na fyuzi. Kisha anauliza kama umeme wa betri unamfikia aliyenyamaza, na kama waya wa athi umeshika vizuri kwenye bodi. Hapa pana jambo ambalo kila mzee wa kanisa angepaswa kulijua. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu unaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita. Mita haiudai kitu, basi waya unajibu kwamba uko mzima. Ndiyo maana fundi anafunga balbu mwishoni mwake, aupe mzigo wa kubeba, na hapo ndipo udhaifu unapoonekana. Sisi tunasalimiana mlangoni baada ya ibada: "Hujambo?" "Sijambo, Bwana asifiwe." Tunaridhika na kipimo hicho, na mtu anakwenda nyumbani na uzi wake mmoja.

Baada ya umeme, fundi anafungua betri na kupima zile nyaya mbili. Kila mwisho wa njia una kizuizi cha omu 120, hivyo vyote viwili kwa pamoja vinatakiwa visome omu 60 hivi. Akipata 120, anajua upande mmoja umekatika. Mwisho analala chini ya gari na kufungua soketi. Kwa mvua zetu za Bukoba mara nyingine anakuta maji. Mara nyingine anakuta unga mweupe: urea yenyewe imepenya, imekauka na kuila shaba. Hili limenigusa kuliko yote. Kifaa kimenyamazishwa na kitu kilekile kilichowekwa kukihudumia.

Wapo kati yetu wa namna hiyo: mwinjilisti aliyezika watu wa mtaa mzima bila yeyote kumuuliza analalaje, mama aliyeuguza hadi akasahau kuimba, mwalimu wa kwaya aliyechoka kwa ajili ya kwaya.

Iko pia njia fupi, na inatumika. Mtu anaingia kwenye programu ya injini na kukifuta kidhibiti, injini isikiulize tena. Taa inazimika, nguvu zinarudi, mwenye gari anafurahi. Moshi unakwenda kwa watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule. Nasi tunalo daftari la washarika, na kufuta jina ni kazi ya kalamu moja.

Katika vikao vyetu maneno ni mepesi: amepoa, amerudi nyuma, amehamia kwa wengine. Hiyo ni misimbo, na tumeiandika sisi. Nani amekwenda kuona? Yupo ambaye mnyauko ulimaliza migomba yake, na anaona aibu kuja mikono mitupu siku ya mavuno. Yupo mjane aliyeondolewa kwenye kibanja na shemeji zake, nao wanaketi benchi la mbele. Huyo tukimwita "mpotevu" tunamkosea yeye, na tunamkosea Mungu.

Sisi wa Kagera tuna sababu yetu ya kutoharakisha hukumu juu ya ukimya. Wamisionari wa Betheli, kutoka Ujerumani, walianza kazi Bukoba mwaka 1910. Juni 1915 Waingereza waliivamia Bukoba wakitokea ziwani, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha wamisionari Wajerumani walikwisha kuondolewa. Mtu aliyekuwa Ujerumani angeweza kuandika kwamba kazi ya Buhaya, nchi ya Wahaya, imekufa. Huku, Wahaya wachache waliobatizwa waliendelea kukusanyika na kufundishana. Mwaka 1977, Dar es Salaam, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilimchagua Askofu Josiah Kibira, mwana wa Buhaya, kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Na Elia? Alinyamaza baada ya kazi kubwa ya mlima Karmeli. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani, akaomba afe. Malaika hakumwuliza swali hata moja. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale. Akarudi, akamlisha tena. Swali la kwamba anafanya nini pale lilimngoja Horebu, mwendo wa siku 40 mbele, akiwa na nguvu za kulijibu.

Alipojibu, yeye naye alikuwa amesoma ukimya vibaya. Alisema amebaki peke yake, akarudia, ingawa Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, alikwisha kumweleza kwa kinywa chake kuhusu manabii 100 waliofichwa mapangoni. Bwana akamwambia kwamba wako 7,000 katika Israeli. Hakuwa akiwasikia.

Wazee wa kanisa, kabla ya kikao kijacho naomba kila jina lililopendekezwa kutengwa litembelewe na watu wawili. Nendeni na mkungu wa ndizi na sukari, kaeni, saidieni kazi mtakayoikuta inafanyika. Habari za ahadi na sadaka msizitaje siku hiyo. Kwa yule mjane nitakwenda mwenyewe, na shemeji zake nimekwisha kuwaomba tuonane Alhamisi.