Kuacha Kazi: Twaitwa au Twakimbia?

Baada ya mavuno ya alizeti alifika kwetu mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika Wilaya ya Iramba. Amefundisha miaka 16. Alikuwa na swali moja tu: Je, ni dhambi kuacha ualimu na kwenda kuchimba dhahabu? Shemeji yake amepata fedha katika duara moja, amenunua pikipiki, ameezeka nyumba kwa bati, na sasa anamwita washirikiane. Mwalimu amechoka. Mshahara wake hukatwa mkopo kabla hajaushika mkononi, darasa lake lina watoto wengi kuliko madawati, na kila jioni moyo wake humwambia kwamba wakati umefika.

Jina lake na kijiji chake hatuvitaji, maana shida yake si yake peke yake. Ni shida ya muuguzi anayewaza kufungua duka la dawa, ya karani wa Singida mjini anayetamani kurudi kulima vitunguu, na ya mchimbaji aliyechoka na shimo anayekumbuka jembe la baba yake. Kwa hiyo tumeona yafaa kumjibu mbele ya wote.

Kwanza na tuseme wazi: kubadili kazi si dhambi. Elisha alikuwa shambani akilima na jozi 12 za ng'ombe Eliya alipomtupia vazi lake. Petro na Andrea waliacha nyavu, Matayo aliacha meza ya ushuru. Mtakatifu Ambrosi alikuwa gavana wa serikali huko Milano, wala hajabatizwa bado, watu walipomchagua kuwa askofu wao mwaka 374. Lakini Maandiko hayohayo yatuonyesha Mtume Paulo akiwa Korintho, ameketi pamoja na Akwila na Priskila, akishona mahema. Huyu alikuwa Mtume wa mataifa, na bado hakuutupa ufundi wa mikono yake. Basi Mungu huwaita wengine watoke, na wengine huwaita wakae. Hapana sheria moja kwa wote.

Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Ni neno la hekima, nasi twaliheshimu. Hata hivyo, uko mbachao uliokwisha kuoza, na uko msala uliotandikwa na Mungu mwenyewe. Kazi yetu ni kupambanua, na kwa ajili hiyo twaleta maswali matatu.

Swali la kwanza: Ni nini kinachonisukuma? Mtu aweza kuacha kazi kwa sababu anaitwa, na aweza kuiacha kwa sababu anakimbia. Kwa nje mambo haya mawili hufanana, lakini ndani ni mbalimbali kama usiku na mchana. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari hodari hata mwaka 1521, alipovunjwa mguu kwa risasi ya mzinga katika vita vya Pamplona. Akiwa kitandani kwa miezi mingi aliwaza mambo ya namna mbili. Alipowaza sifa za vita na za mabwana wakubwa, alifurahi kwa kitambo, kisha akabaki mkavu. Alipowaza kumtumikia Mungu kama watakatifu, alifurahi, na furaha ile ilikaa. Hapo ndipo alipojifunza kupima roho. Baadaye aliwafundisha wengine kwamba wakati wa giza na uchungu wa roho mtu asibadili shauri alilolikata wakati wa nuru. Basi, mwalimu uliyegombana jana na mkuu wako, usiandike barua ya kuacha kazi leo. Mkulima uliyeuza alizeti kwa bei ya hasara, usiuze na ng'ombe wa jembe juma hilohilo. Ngoja hasira ipite. Kama wazo lile litabaki baada ya hasira kuondoka, na likubakishie amani, hapo lafaa kusikilizwa.

Swali la pili: Je, nimehesabu gharama? Bwana wetu Yesu Kristu alisema habari za mtu aliyetaka kujenga mnara, ya kuwa hana budi kuketi kwanza na kuhesabu. Wengi huhesabu faida ya jirani, hawahesabu gharama yake. Hatuwadharau wachimbaji wadogo: kazi yao ni halali, na jasho lao ni jasho la kweli. Lakini duara lina desturi zake. Mtu aweza kuchimba majuma mengi bila malipo, huku akidaiwa chakula, magogo ya kuzuia ardhi isiporomoke, na pampu ya maji. Mawe yakipatikana, mifuko hugawanywa kati ya mwenye eneo, mwenye duara na wenye nguvu. Ndipo yapelekwe kwenye karasha, ndipo ijulikane kama kulikuwa na kitu. Na zebaki inayoshika dhahabu huingia pia katika mwili wa anayeichoma na wa mtoto aliye karibu naye. Dhahabu ya Sekenke, hapa hapa Iramba, ilichimbwa tangu zama za Wajerumani, na mwaka 1916 ikatumika kupiga sarafu za rupia 15 huko Tabora. Dhahabu ilikwenda, mashimo yakabaki. Pikipiki ya aliyepata twaiona barabarani, lakini aliyekosa hurudi kwa miguu usiku, wala hakuna amwonaye.

Tena, hesabu hii haifanywi na mtu mmoja. Tulimwuliza mwalimu yule: Mkeo asemaje? Akanyamaza. Alikuwa hajamwambia. Ndugu wasomaji, mume anayeuza riziki ya nyumba bila mkewe kujua, hata kama atatajirika, ameanza vibaya. Shauri lisiloweza kusemwa mezani mbele ya mke na watoto wakubwa bado halijakomaa.

Swali la tatu: Ni nini nitakachokwenda nacho, na ni nani nitakaomwacha? Hapa twakumbuka mfano wa nchi yetu wenyewe. Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, tangu mwaka 1953. Mwaka huohuo alichaguliwa kuongoza chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikawa TANU. Kwa muda aliibeba mizigo yote miwili. Mwezi Machi 1955 alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, na aliporudi ilimpasa achague. Akaacha ualimu. Hakuuacha kwa ajili ya fedha, maana aliacha mshahara wa hakika akiwa na mke na watoto, akarudi kwao Butiama, akapata riziki kwa kuwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Baadaye alikuwa akieleza kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, lakini siasa ilimkuta tu. Na watu hawakuacha kumwita Mwalimu, hata alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Alitoka darasani, lakini kiini cha kazi yake alikwenda nacho.

Hatusemi kwamba kila anayeacha kazi ni Nyerere. Twasema kwamba mfano wake watufundisha kupima. Alikuwa amekwisha kuijaribu kazi mpya kabla ya kuiacha ya zamani. Alijua atakachopoteza, akakubali. Na wale aliowaacha darasani hakuwaacha kwa dharau, kwa maana kazi aliyoiendea ilikuwa ni kwa ajili yao pia.

Sasa twasema neno juu ya namna ya kuondoka. Elisha aliomba kwanza akawaage baba na mama yake. Kisha alichinja jozi ya ng'ombe, akaipika nyama kwa miti ya nira, akawalisha watu, ndipo akamfuata Eliya. Aliondoka akiwa ameaga na ameshukuru, akawaacha majirani wameshiba. Mtu anayeitwa huondoka hivyo. Anayekimbia huondoka usiku: asubuhi watoto wapo darasani, mwalimu hayupo, chaki iko mezani, na jina lake bado linasomwa katika orodha ya mshahara. Huo ni wizi, wala usiitwe kwa jina jingine. Atakaye kuacha kazi na atoe taarifa kama sheria inavyotaka, akabidhi vitabu na funguo, ajue jinsi atakavyolipa mkopo wake, na awafikishe watoto wa darasa la mwisho kwenye mtihani wao.

Kwa wale watakaoamua kubaki tuna neno pia. Kubaki nako kwaweza kuwa kukimbia. Mtu aliyebaki kwa ajili ya mshahara tu, ambaye moyo wake ulikwisha kuhama miaka mingi, huwafundisha watoto kwamba kazi ni adhabu. Huyo hakuacha kituo chake, lakini watoto wake hawana mwalimu. Ukibaki, baki kwa moyo wote. Na wenye mamlaka wakumbuke kwamba mtumishi anayecheleweshewa haki yake na kulala katika nyumba inayovuja anasukumwa nje kidogo kidogo. Wasimlaumu akianza kutazama mlango.

Tulimshauri mwalimu wetu hivi: aongee na mkewe, wakati wa likizo aende akakae kwenye machimbo majuma mawili, aone kwa macho yake, asiandike barua yo yote kabla ya mtihani wa Septemba, na kila jioni aseme na Mungu juu ya jambo hilo, bila kumwelekeza Mungu jibu. Kisha aamue kwa uhuru, nasi hatutamhukumu.

Na tumwombe Mtakatifu Yosefu, seremala, ambaye Baba Mtakatifu Pio XII alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi tarehe 1 Mei mwaka 1955. Yosefu naye aliondoka usiku kwenda Misri, akaiacha nchi yake. Lakini aliondoka kwa kuwa aliambiwa na malaika, na aliondoka pamoja na Mtoto na Mama yake. Wale aliokabidhiwa hakuwaacha nyuma. Atujalie sisi nasi, tukibaki au tukiondoka, tusiwaache wale tuliokabidhiwa.