Mkono wa Mtoto ni wa Nani?



Katika vijiji vyetu vya pwani ya Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hadi Mbamba Bay, na huko juu Mbinga kwenye mibuni, hakosi mtoto ambaye wenzake humwita wanapotaka embe la kileleni lianguke. Jiwe lake halikosei. Watu wazima hutazama wakasema, "Huyu ana mkono." Swali letu safari hii ni hili: mkono huo ni wa nani? Ni wa mtoto mwenyewe, wa wazazi wake, wa shule yake, au wa Mungu aliyempa? Swali laonekana jepesi mpaka siku mkono ule unapoanza kuleta fedha.

Jirani zetu wa Uganda wamekwisha kuiona siku hiyo. Huko vijana wamejifunza besiboli, mchezo wa Wamarekani. Mrushaji husimama mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, akamtupia mpira mgumu wa ngozi wenye uzito wa gramu 145 hivi, na mrushaji hodari aliyekomaa huupeleka kwa mwendo unaozidi kilomita 150 kwa saa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, huko Williamsport, Marekani. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia sahihi mkataba na klabu ya Los Angeles Dodgers. Mrushaji David Matoma naye alichukuliwa na Pittsburgh Pirates, klabu ileile ambayo mwaka 2017 ilimchezesha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika ligi kuu ya mchezo huo.

Twawafurahia vijana hao. Lakini kutia sahihi si kufika, maana klabu hizo huchukua vijana wengi na wanaofika ligi kuu ni wachache. Tena, kati ya jiwe la mwembeni na kalamu ya mkataba ipo miaka mingi, na miaka hiyo yote mtoto yumo mikononi mwa watu wazima. Kwa maoni yetu, watu hao wanadaiwa hesabu mbili za kweli.

Hesabu ya kwanza ni ya miaka. Mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya wale wa Lugazi, timu nyingine ya watoto wa Uganda ilishinda katika kanda yake ikapata haki ya kwenda Williamsport. Haikwenda. Serikali ya Marekani iliwanyima viza kwa sababu maelezo ya umri na kuzaliwa kwa baadhi ya watoto hayakulingana. Karatasi za mtoto huandikwa na watu wazima, lakini waliobaki nyumbani wakilia walikuwa watoto.

Tusiwanyoshee kidole wenzetu. Hata katika michezo ya shule zetu neno "mamluki" si geni, na yuko mzazi ambaye angependa daftari la ubatizo lisome mwaka mwingine. Anayemwandika kijana wa miaka 15 kuwa wa miaka 12 huiba mara mbili. Kwanza, humnyang'anya nafasi mtoto wa kweli wa miaka 12, ambaye pengine hatapata nyingine. Pili, humfundisha kijana wake mwenyewe kwamba jinsi Mungu alivyomwumba hatoshi, na kwamba lazima aanze maisha kwa uongo.

Hesabu ya pili ni ya mitupo. Kiwiko cha mtoto bado kinakua, na kurusha kwa nguvu mara nyingi mno huumiza mifupa na kano zake. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John, akamtengenezea kano ya kiwiko kwa kano iliyotolewa katika mkono wake wa pili. Huyo alikuwa mtu mzima, lakini siku hizi hata wanafunzi hupasuliwa hivyo. Kwa hiyo tangu mwaka 2007 ligi ya watoto huhesabu kila mtupo: mwenye miaka 11 au 12 hapiti 85 kwa siku, na akizidisha 65 hupumzishwa siku nne. Hata timu ikiwa karibu kushinda, hesabu ikitimia mtoto hutolewa kwenye kazi ya kurusha.

Kwa nini sheria? Je, kocha hampendi mtoto? Yafaa tutazame Japani. Mwaka 2018 kijana Kosei Yoshida, wa shule ya kilimo ya Kanaashi, alirusha mipira 881 katika mashindano makuu ya shule za sekondari huko Koshien. Taifa zima lilimpenda mtoto huyo wa shule ya wakulima. Katika fainali mkono ulichoka, akatolewa, na shule yake ikafungwa 13 kwa 2. Mwaka huohuo klabu ya kulipwa ilimchagua. Lakini Wajapani wengi walijiuliza kama kile walichokishangilia kilikuwa cha haki, na tangu mwaka 2020 mwanafunzi haruhusiwi kupita mitupo 500 katika juma moja.

Hapa pana fundisho zito. Mtoto anayetupenda hatasema kwamba amechoka. Sisi tuliofundisha tunalijua jambo hili: yule mwenye bidii huinua mkono hata akiwa na homa. Basi ndiyo ya mtoto haitoshi kutupa ruhusa. Kadiri anavyotupenda ndivyo ndiyo yake inavyozidi kutudai tumhesabie sisi, kwa kuwa yeye hatajihesabia.

Mtu aweza kutujibu: "Ninyi mwasema kwa kuwa mmeshiba. Kwa familia maskini, si heri mkono uhatarishwe kuliko nyumba nzima kubaki katika dhiki?" Hoja hii si ya kudharauliwa, maana dhiki twaijua. Mtu mzima akiamua kutoa nguvu zake kwa ajili ya ndugu zake, huo ni upendo, na Kanisa humheshimu. Lakini sadaka hutolewa na mwenyewe. Hakuna awezaye kutoa sadaka kwa mkono wa mwingine, hasa wa mtoto, akajihesabia thawabu. Wakulima wa Mbinga wanajua kwamba mbuni mchanga ukiachwa ubebe kahawa kupita nguvu zake, matawi hukauka. Mkulima huyo hajapata utajiri mapema. Amekula mavuno ya miaka ijayo.

Mara nyingi mfano wa talanta huhubiriwa ili tuwe na bidii, na ni vema. Lakini tusisahau kwamba fedha ile ilikuwa ya bwana, na watumwa wote walitoa hesabu. Mkono ni wa Mungu. Amempa mtoto autumie, na sisi ametupa tuulinde mpaka mwenyewe awe na akili ya kuamua. Wazazi na walimu si wamiliki.

Basi, anapotokea kijana mwenye mguu wa mpira, sauti ya kwaya au mkono wa kutupa, tumsaidie kwa furaha. Tuandike umri wake wa kweli. Tumpumzishe kabla hajaomba. Tumwache asome, ili siku mkono ukikataa awe na kazi nyingine. Na yule ambaye mkono umekataa, akirudi bila mkataba wala fedha, akute mkeka wake umetandikwa palepale, na jina lake likiitwa kwa sauti ileile ya zamani. Hapo ndipo itakapojulikana tulikuwa tukimpenda nani, mtoto au mkono wake.